Sinia Lisilong'aa

Niliingia Mkolani kwa lori la molasesi, na nia ya kukaa sikuwa nayo. Dereva alinipakia Geita kwa sababu alitaka mtu wa kuongea naye asisinzie njiani. Tulipovuka daraja la Busisi nilitazama chini, pale ambapo zamani nilikuwa nafunga kamba za kivuko, nikaona maji matupu. Nikamwambia dereva, "Hapo chini ndipo ofisi yangu ilipokuwa." Akacheka mpaka karibu amgonge mwenye baiskeli.

Molasesi, kwa asiyeijua, ni ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari yote inayotoka kwenye miwa ikishatolewa. Ni tamu ya kukereketa koo. Wafugaji huwachanganyia ng'ombe kwenye majani, na wapika gongo nao wana matumizi yao. Kwa hiyo lori liliposimama mbele ya banda refu la bati, na mama wa Kihindi mwenye sari ya bluu na ndala miguuni akatoka kutupokea, nilijiuliza: huyu ana ng'ombe, au ana mtambo?

"Mzee, unashusha au unaangalia mawingu?" akaniuliza.

"Nashusha, mama."

Nikashusha mapipa. Dereva akaondoka, mimi nikabaki kunywa chai, na chai ya yule mama ilikuwa na tangawizi ya kumfanya mtu asahau safari. Jioni ile nikawa nimeshapewa kazi: kuchochea moto. Kulikuwa na jiko la matofali nje ya ukuta wa banda, la kukipa joto kimoja cha vyumba vya ndani. Joto lile lisipungue wala lisizidi, kama la mtoto anayelala vizuri. Niliambiwa hivyo hivyo.

Yule mama jina lake Saroj, ila mtaa mzima ulimwita Mama Sachin. Banda lilijengwa na marehemu mume wake, Vasant, na humo ndimo alimotengenezea sharubati ya ndimu na peremende chachu zilizouzwa kutoka Nansio mpaka Shinyanga. Mimi mwenyewe nilizimung'unya sana nilipokuwa Ukerewe navuna pamba za watu. Lakini ndimu yenyewe haikutoka mtini. Ilikuwa ndimu ya unga, zile chembe nyeupe zinazofanana na sukari, na ukizilamba macho yanajifunga yenyewe. Unga huo ulitoka ng'ambo kwa meli. Mwaka mmoja ukaadimika madukani, Vasant akasimamisha kazi akisubiri. Akaugua akisubiri, akafa akisubiri. Banda likaachiwa popo.

"Mimi sisubiri meli," Mama Sachin aliniambia. "Ndimu ya unga tutaipika hapa hapa."

"Kwa ndimu za wapi, mama?"

"Hakuna ndimu. Muulize huyu."

Huyu alikuwa Kokulinda, dada wa Kihaya mrefu, mwalimu wa kemia aliyeiacha shule na kuja kushirikiana na jirani yake. Alikuwa anachuja kitu kwenye ndoo, na hakunyanyua kichwa.

"Shikamoo mzee. Ndimu ya unga hutolewa na ukungu," akasema. "Unaupa sukari, wenyewe unakurudishia uchachu. Sukari ya bei mbaya hatuna haja nayo, molasesi inatosha."

"Marahaba. Ukungu huu huu wa kwenye mkate?"

"Mweusi. Ukoo mmoja na ule unaoota kwenye maganda ya vitunguu. Ila huu wetu ni wa mbegu safi, nimeutoa maabara ya chuo nilikosoma."

Nimetembea sana, nimeona watu wakifuga nyuki, mamba, hata konokono. Mtu wa kufuga ukungu nilikuwa sijamwona.

Aliyetaka mambo hayo yafe alikuwa Sachin, mwanawe mama. Sachin anauza saruji Buswelu, kule ambako kila ukiamka unakuta msingi mpya umechimbwa, na ghala lake lilikuwa limefurika. Alilitaka banda. Alikuja siku moja na gari lake, akanipa shikamoo ya haraka, akasimama mlangoni huku ameziba pua.

"Mama, unafuga kuvu kwenye nyumba ya Baba."

"Na wewe unataka kuijaza vumbi."

"Vumbi linalouzika!"

Wakavutana kwa Kigujarati, nikawa siambulii kitu. Mwisho akarudi kwenye Kiswahili, nadhani ili sisi wengine tuwe mashahidi. "Sawa. Siku ya Diwali nakuja kunywa sharubati ya Baba. Ikiwa na uchachu uliotoka humu ndani, sitalitaja banda hili tena maishani. Ikiwa haina, siku hiyo hiyo saruji inaingia."

"Ahadi?"

"Ahadi, Mama. Mbele ya huyu mzee."

Mimi! Nilikuwa nimepanga kuondoka Jumatatu kwenda Musoma. Sasa nikawa shahidi, na shahidi haondoki.

Kazi ilikwenda hivi. Kokulinda aliizimua molasesi kwa maji mengi mpaka ikawa kama chai ya rangi, akatia dawa yake ya njano. Kwenye uji ule kuna chuma kisichoonekana, cha kutoka shambani na kwenye mashine za kiwanda, na chuma ndicho adui wa shughuli hii. Ile dawa ikikutana nacho hukigeuza bluu kama bluu ya kufulia, kisha kinazama na kuchujwa. Baada ya hapo molasesi inachemshwa, inapozwa, inamiminwa kwenye masinia mapana ya alumini, na ukungu unapandwa juu yake kwa kupeperushwa, kama mtu anayenyunyiza pilipili. Masinia yanapangwa kwenye chumba cha joto, madirisha yamewekwa wavu kuzuia vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja kwa makundi kama moshi.

Masinia yalikuwa yale yale ya Vasant ya kupozea peremende, na kuyaosha hakuruhusiwa mtu isipokuwa Mama Sachin mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, amekunja sari, anasugua kwa stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Akimaliza anainua sinia usoni.

"Vasant alikuwa hamimini kitu mpaka ajione sura," aliniambia. "Akiona sura yake imefifia kidogo tu, anarudisha lioshwe tena. Watu walikuwa wanasema, huyu anapika peremende au anatengeneza vioo?"

Na yeye alijiona sura kwenye kila sinia. Nilimkamata mara moja akiongea nalo, taratibu, kama anayempa mtu habari za nyumbani. Nikarudi kwenye moto wangu.

Mara ya kwanza ukungu uliota wa ajabu. Ulifunika masinia kama zulia, mnene, mweusi tii. Mama Sachin akapiga makofi. Mimi nikasema huyu mgeni ameshiba vizuri, hakika atalipa. Kokulinda peke yake hakucheka. Alichota kijiko cha maji ya chini ya ule utando, akakimimina kwenye magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Uchachu ukikutana na magadi hutoa povu. Tukainama wote watatu, tukasubiri. Povu likatoka dogo, la kutia huruma, kama mate ya mtoto.

"Amekula sukari yote," akasema Kokulinda, "na hakutuachia kitu."

"Basi ni mgeni mwizi," nikasema.

"Siyo mwizi, mzee. Tumemstarehesha kupita kiasi. Huyu akipata kila anachotaka ananenepa na kuzaa tu. Lazima kuna kitu akikose, ndipo anatoa uchachu. Na kitu chenyewe ni chuma. Kuna mahali anakipata."

Akaongeza dawa ya njano, akachuja mara mbili. Mara ya pili ukungu ukawa mweusi vile vile, mnene vile vile, na magadi yakatoa povu lile lile la aibu. Diwali ilikuwa imekaribia. Molasesi ilibaki pipa moja. Sachin akapita barabarani, hakushuka, akatoa kichwa dirishani: "Mzee! Banda linavuja? Saruji haitaki maji, unajua!"

"Halivuji!" nikamjibu. "Linatema mate tu likimwona mtu!"

Lakini nilijibu kwa kinywa. Moyoni nilikuwa nimeshafunga mzigo.

Asubuhi iliyofuata Kokulinda alitoka na chupa ya dawa ya njano, mrija wa kudondoshea na siki kidogo, uso umekaza kama askari wa upelelezi. "Leo hakuna kazi," akasema. "Leo napima kila kitu kinachogusa molasesi ikishachujwa. Kila kitu."

Akapima maji ya bomba: njano. Akapima upawa wa mti: njano. Akapima mtungi wa plastiki, kitambaa cha kuchujia, hata maji niliyonawia mikono mimi. Njano, njano, njano.

"Mzee, una kisu?"

"Ninacho, lakini hakijaingia humo. Hiki ni cha muhogo."

"Lete." Akakidondoshea. Bluu! Nikaruka. "Kisu kimepata kesi," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Lakini kama hakijaingia, kiko huru."

Mama Sachin alikuwa ameegemea mlango, amekunja mikono. "Mnahangaika bure," akasema. "Shida ipo kwenye molasesi. Huku kwangu ni safi. Angalia." Akachukua sinia alilotoka kulisugua, akaliinua mbele ya uso wake, akaligeuza tuone. Kweli ulikuwa unaona kila kitu: miwani, tone jekundu la kipaji cha uso, mpaka ufa wa ukuta nyuma yake. "Weka dawa yako hapa. Weka!"

Kokulinda akalilaza sinia mezani, akadondosha siki, kisha dawa, akaitandaza kwa kidole cha glavu. Mama Sachin aliinama juu yake, anajitazama.

Kwanza halikutokea jambo. Kisha kwenye shavu la ile sura ndani ya sinia kikatokea kidoa cha bluu, kidogo kama kichwa cha sindano. Kikatokea kingine kwenye pua. Kingine kwenye paji. Vikawa vinachipuka hapa na pale, mpaka sura yote ya Mama Sachin ikawa na madoa ya bluu kama mwenye ndui.

Nilitazama ile sura ya kwenye sinia, nikaogopa kumtazama mwenyewe.

"Ni stilwaya," Kokulinda akasema taratibu. "Ukisugua, nyuzi zinakatika, zinabaki vipande visivyoonekana. Vinashika kwenye alumini. Molasesi nikishaitoa chuma kule, wewe unairudishia huku. Mama, ukungu wetu umekuwa ukila stilwaya yako."

"Miaka yote hiyo," akasema Mama Sachin, "Vasant alitaka yasuguliwe hivi hivi."

"Vasant alikuwa anapoza peremende. Peremende haijali."

Alilichukua sinia, akalifuta kwa ncha ya sari, akajitazama tena. Akaliweka chini. "Na mnataka nifanyeje? Nimimine kwenye sinia chafu?"

"Siyo chafu, Mama. Lisilong'aa."

"Ni kitu kimoja hicho!" Sasa alikuwa amekasirika hasa. "Mimi niliolewa nikapewa masinia haya kabla sijapewa funguo za nyumba! Mwanamke wa Kihindi mwenye sinia jeusi, watu watasema nini? Mama mkwe wangu angefufuka!"

"Mama mkwe wako," nikasema mimi, na sijui nilipata wapi ujasiri, "akifufuka akakuta saruji humu ndani, atasema nini?"

Akanigeukia. Nilidhani nafukuzwa, na kusema kweli miguu yangu ilishajiandaa. Badala yake alivuta pumzi ndefu. Akainuka, akaikusanya stilwaya yote iliyokuwa pale kwenye karai, akatoka nayo mpaka kwenye shimo la taka, akaitupa. Akarudi akifuta mikono.

"Nionyeshe kwenu Bukoba mnasugulia nini," akamwambia Kokulinda.

Kokulinda akamletea dodoki. Kwanza tuliyaloweka masinia yote kwenye siki, tukayasuuza, tukayaloweka tena, mpaka dawa ya njano ikabaki njano kila pembe. Baada ya hapo yakaoshwa kwa dodoki na maji ya moto basi. Yakatoka yamefifia, rangi ya mawingu ya mvua. Siku ya kumimina pipa la mwisho, Mama Sachin aliinua sinia la kwanza kwa mazoea, akalitazama. Hapakuwa na sura. Kivuli tu cha kichwa. Akalisemesha kidogo, halafu akaliweka mezani kwa nguvu, likalia paa!

"Mimina," akasema.

Ukungu wa safari hii ulinisikitisha. Uliota kwa shida, mwembamba, mweupe wa kijivu, una mikunjo kama ngozi ya kiwiko changu. Weusi haukuja. Kila nikichungulia naona mgonjwa. Siku Kokulinda alipokuja kuangalia nilimpa pole mapema.

"Mwalimu, huyu hana siku nyingi. Angalia alivyokonda."

Akaangalia. Akaninyang'anya taa, akaangalia tena, sinia moja baada ya jingine. Halafu akaanza kucheka, anacheka huku anapiga paja. "Mzee Shimba! Huyo mnyonge ndiye tunayemtaka! Magadi yako wapi?"

Nikaleta bakuli la magadi. Mama Sachin akaja mbio, ndala moja imebaki njiani. Kokulinda akachota kijiko, akamimina.

Bakuli lilifura. Povu lilipanda, likapita ukingo, likamwagika mezani, likashuka chini mpaka kwenye vidole vyangu, na lilikuwa bado linachemka shwaaa kama mvua inayokuja juu ya bati. Akamimina kijiko cha pili, likafura tena. Mama Sachin akachovya kidole kwenye sinia, akalamba. Macho yakajifunga. Bega likapanda mpaka sikioni. Alipoyafungua macho yalikuwa yamejaa maji, na nakwambia kwa uchachu ule huwezi kujua ni machozi ya aina gani.

Kilichofuata ni mapishi. Kokulinda aliyachemsha yale maji, akatia chokaa, uchachu ukajishika na chokaa ukazama chini kama uji mweupe. Akauchuja, akautenganisha na chokaa yake kwa asidi kali, ndugu ya ile ya betri ila safi ya maabara. Mimi hapo nilisimamishwa mbali. Akayapitisha maji yake kwenye mkaa uliosagwa, weusi ukabaki huko. Akayakausha kwa moto mdogo. Chini ya bakuli zikaanza kujijenga chembe, zenye pembe kali, zinazopitisha mwanga. Mama Sachin aliziangalia zikikua kama mtu anayeangalia mjukuu akiota meno.

Diwali ikafika. Mlangoni kulichorwa maua kwa unga wa rangi, taa za udongo zikapangwa mpaka kwenye jiko langu. Majirani walijaa, wa Kihindi, wa Kisukuma, Wahaya wenzake Kokulinda waliovalia kama wanakwenda kanisani. Na saa ile watu wanakaa, nje ikasikika honi. Lori la saruji. Limejaa, limefungwa turubai, dereva wake Chenge kashaanza kurudi nyuma kuelekea mlango wa banda. Sachin akashuka gari lake akiwa na boksi la zawadi mkononi na uso wa mtu asiyetaka kumwumiza mama yake, lakini lori kalileta.

"Umekuja na mzigo, beta, mwanangu," mama akamwambia.

"Tulisema leo, Mama."

"Tulisema. Kunywa kwanza."

Akampa bilauri. Sachin akanywa funda moja. Macho yakajifunga. Akanywa tena, polepole, akasimama nayo kifuani.

"Ni ya Baba," akasema. Kisha akatikisa kichwa. "Lakini Mama, hii ndimu umeinunua. Mtu gani atapika hii kwa ule uji mweusi? Niambie duka."

Mama Sachin alimshika mkono, mtu mzima mwenye maghala, akamkokota kama wa shule ya chekechea kupita katikati ya wageni mpaka chumba cha joto. Mimi nikafungua mlango. Kwenye rafu masinia ya mwisho yalikuwa bado hayajavunwa, utando wake wa kijivu umekunjamana. Sachin akaziba pua.

"Toa mkono puani. Inua huo utando. Chovya. Lamba."

"Mama, hii ni kuvu!"

"Baba yako alikufa akisubiri meli. Lamba!"

Akachovya ukucha, akalamba kidogo sana, kama paka. Halafu akarudi akachovya kidole kizima. Akahamia sinia la pili, akachovya. La tatu. Uso umemkunjamana kuliko ule utando wenyewe, na bado anaendelea. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa sinia.

"Haya ni masinia ya Baba. Mbona hayang'ai?"

"Yakiwa yanang'aa hayatoi kitu," mama akasema. "Hata mimi niliumia."

Sachin akakaa pale pale chini, kwenye sakafu, na suruali yake nyeupe ya sikukuu. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mama yake akampiga mgongoni, nao wakawa wanasemezana Kigujarati, na safari hii nilielewa kila kitu.

Nje, Chenge alikuwa amefungua turubai na ameshashika mfuko wa kwanza begani. Sachin akatoka mbio. "Rudisha! Chenge, rudisha juu! Hakishuki kitu hapa!"

"Bosi, tumefika na watu wa kushusha ninao."

"Rudisha, nimekwambia! Saruji peleka Buswelu, ipange hata sebuleni kwangu."

Watu wakapiga vigelegele. Kokulinda akamletea Chenge bilauri iliyojaa, na Chenge, aliyekuwa na kiu, akaigugumia yote kwa mkupuo mmoja. "Mayu wane!" akapiga kelele, anamwita mama yake kwa Kisukuma, ameshika taya. "Mnataka kuniua?" Akatulia. Akairudisha bilauri. "Ongeza."

"Ukishusha hiyo saruji," Mama Sachin akamwambia, "osha lori, uende Kagera. Nataka molasesi. Pipa limeisha."

Chenge akamtazama bosi wake. Sachin akafungua mikono, kama anayesema, unaniuliza mimi?

"Njia ndefu hiyo mama, na mimi nasinzia. Nipeni mtu wa kupiga naye soga."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshavaa kofia.